Gazeti na Mtawala katika Milima ya Usambara: Ukosoaji wa Viongozi kuanzia Magila hadi Sheria ya Huduma za Habari

Mto Sigi huchimbuka katika misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, ukateremka hadi bwawa la Mabayani, ambalo maji yake ndiyo yanywewayo na wakazi wa jiji la Tanga, kisha ukamwagika katika Bahari ya Hindi. Katika bonde la mto huo, na katika safu ya magharibi yenye Lushoto, Vuga na Mlalo, maamuzi ya watawala yamekuwa yakipimwa kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: mvua, chakula, siku za kazi ya shuruti, matuta ya kwenye miteremko, magogo yaliyoteremshwa kutoka msituni. Milima hiyo pamoja na miji iliyo chini yake ni miongoni mwa vitovu vya mwanzo vya uchapishaji wa Kiswahili upande wa bara. Magila, chini ya Usambara ya Mashariki, palikuwa na mtambo wa misheni. Tanga palikuwa na mtambo wa shule ya serikali na wa walowezi. Vuga baadaye pakawa na mtambo wa Walutheri.

Swali la iwapo vyombo vya habari vinawakosoa viongozi wa siasa kiasi cha kutosha huulizwa kwa kawaida kutoka Dar es Salaam, na hujibiwa kwa kuhesabu magazeti yaliyofungiwa na waandishi walioshtakiwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Neno “kutosha” halina maana mpaka isemwe ni ukosoaji wa nani, juu ya nani, na kuhusu uamuzi gani. Makala hii inalirudisha swali hilo milimani na kulifuatilia katika nyakati nne: utawala wa Wakilindi kama ulivyoandikwa mwishoni mwa karne ya 19, ukoloni wa Wajerumani, mpango wa matuta wa Waingereza, na kipindi cha uhuru hadi sasa. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno makali hayajawahi kuadimika katika magazeti ya nchi hii. Kilichoadimika ni gazeti linaloufuata uamuzi wa mkubwa mpaka pale unapomfikia mkulima, likarudi na majibu. Sababu za upungufu huo ni kongwe kuliko sheria zinazolaumiwa leo.

Kuiharibu nchi na kuiponya

Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba Washambaa walikuwa na msamiati kamili wa kumhukumu mtawala kabla ya gazeti lolote kufika. Mtawala ambaye enzi yake ilikuwa ya mvua na chakula alisemwa kuwa anaiponya nchi, kuzifya shi. Yule ambaye enzi yake ilikuwa ya njaa alisemwa kuwa anaiharibu, kubana shi. Hukumu hii haikujali nia. Mtawala hakuulizwa alikusudia nini, bali mashamba yana nini. Kwa kipimo hicho, mkulima asiyejua lolote kuhusu mashauri ya ikulu ya Vuga alikuwa na ushahidi wote aliouhitaji.

Hata hivyo fikra hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili. Washambaa walisema pia juu ya nguvu kwa nguvu, yaani hali ya wenye uwezo wawili kushindana katika nchi moja, kila mmoja akizuia mvua ya mwenzake. Kufuatia kifo cha Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, wana na wajukuu wake waligawanyika na kupigana, na watu wa kawaida wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Kumbukumbu ya miaka ile iliupa nguvu usemi huo. Kwa hiyo mtu aliyesimama kumpinga mtawala angeweza kusikika kwa namna mbili: kama shahidi wa nchi iliyoharibika, au kama nguvu ya pili inayoleta njaa. Serikali zilizofuata, ya kikoloni na ya kitaifa, ziliutumia sana usikivu huo wa pili zilipodai kwamba gazeti linalokosoa linavuruga umoja. Hazikuhitaji kuujua msamiati wa Kishambaa ili kunufaika na hofu iliyokuwa ndani yake.

Maandishi ya kwanza ya Kiswahili kuwatazama watawala wa milima hii kwa jicho la kuhukumu ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, mtu aliyemtumikia Semboja wa Mazinde na kuyaona mengi ya yale aliyoyasimulia. Kitabu kilichapishwa kwa sehemu huko Magila kati ya miaka ya 1890 na mwongo wa kwanza wa karne ya 20, kikatolewa upya na J.W.T. Allen mwaka 1962. Husomwa zaidi kama tarikh ya ukoo, kuanzia Mbegha mwindaji wa nguruwe hadi anguko la Vuga, lakini ni zaidi ya hivyo. Mwandishi anaeleza jinsi jeuri ya vijana wa Kikilindi ilivyowachosha Wabondei mpaka wakaamka katika vita vya Kiva na kuwafukuza. Anamtaja mtawala kwa jina, anataja kitendo, kisha anataja kilichowapata watu. Mpangilio huo wa jina, kitendo na matokeo ndio uti wa mgongo wa habari za uchunguzi kama zinavyofundishwa vyuoni hivi leo.

Yapo masharti mawili yaliyouwezesha uwazi huo, na hayapaswi kupitwa kwa haraka. Wengi wa waliokosolewa walikuwa wamekwisha kufa au kupoteza enzi, na mchapaji alikuwa chini ya dola nyingine. Abdallah bin Hemedi aliandika wakati Wajerumani wamekwisha kutawala. Kumlaumu Mkilindi hakukuwa na hatari, na pengine kulikuwa na faida. Gazeti la misheni lililotoka Magila tangu katikati ya miaka ya 1890, Habari za Mwezi, lilikuwa na mipaka ya namna hiyo: lilijaza barua za walimu, safari na mambo ya kanisa, na halikuwa mahali pa kumhoji mkuu wa wilaya. Ukosoaji wa aliyeondoka na ukimya juu ya aliyepo ni urithi wa mwanzo kabisa wa uandishi wa Kiswahili katika eneo hili.

Gazeti lenye jina la milima

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Tanga ulikuwa na magazeti mawili yasiyosemezana. La kwanza, Usambara-Post, lilikuwa la Kijerumani na la walowezi. Lilibeba jina la milima ambayo wenyeji wake wengi wasingeweza kulisoma. La pili, Kiongozi, lilitoka katika shule ya serikali ya Tanga, kwa Kiswahili, hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 (lisichanganywe na Kiongozi la Kanisa Katoliki lililoanzishwa miongo kadhaa baadaye). Magazeti haya mawili yanalieleza suala la ukosoaji kuliko sheria yoyote ya wakati ule.

Usambara-Post halikumwogopa Gavana. Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kuanzia 1906 hadi 1912, aliamini kwamba uchumi wa koloni ungesimama zaidi juu ya kilimo cha Waafrika na biashara ya Wahindi kuliko juu ya mashamba ya walowezi. Waziri wa Makoloni Bernhard Dernburg alipotembelea nchi mwaka 1907, aliwakera walowezi kwa kusema hadharani juu ya mazoea yao ya kutembea na viboko mikononi. Kuanzia hapo magazeti ya Kijerumani ya koloni yalimshambulia Gavana bila kuchoka. Ugomvi huo ulikuwa mkali zaidi Dar es Salaam, ambako Willy von Roy, mhariri wa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, alifikishwa mahakamani kwa kumkashifu Gavana. Kwa kipimo cha ujasiri wa maneno, magazeti hayo yalikuwa huru kuliko mengi yaliyokuja baadaye.

Lakini yalikosoa nini? Mwaka huohuo wa 1907, mkuu wa wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, alianzisha kadi za kazi. Kila Mshambaa aliyeingia katika utaratibu huo alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza angeweza kupelekwa katika kazi za serikali. Hesabu ni nyepesi: siku 90 kwa mwaka, na zisingeweza kuahirishwa kila mara msimu wa kupanda ulipofika. Hili lilikuwa jambo la wakubwa lililoingia moja kwa moja katika ghala la chakula la kila nyumba. Walowezi nao walikuwa na malalamiko juu ya nguvukazi, ila malalamiko yao yalikuwa kwamba haitoshi na kwamba Gavana anawalegezea Waafrika kamba. Ukosoaji ulikuwepo, tena mkali, na ulielekezwa kwa mtawala wa juu kabisa. Ulikuwa ukimtaka azidishe kile kilichokuwa kikiiharibu nchi.

Kwa bahati, katika bonde la Sigi kuna mfano unaoshikika. Taasisi ya utafiti ya Amani ilianzishwa mwaka 1902, na katika mwongo huo kampuni ya mbao ya Kijerumani ikajenga njia ndogo ya reli ya takribani kilomita 23 kutoka Tengeni hadi Sigi ili kushusha miti ya msituni. Amani ilikuwa na jarida lake la kilimo, Der Pflanzer, lililotolewa kwa ushirikiano na Usambara-Post. Mkulima mwenye shamba la mpira au mkonge alipata humo ushauri juu ya udongo, wadudu na mbegu. Mshambaa au Mbondei aliyebeba mizigo kwenye reli hiyo alikuwa katika maandishi hayo suala la nguvukazi, si msomaji. Ipo kejeli ndogo ya kihistoria hapa: mkuu wa wilaya ya Tanga ambaye jina lake bado linasafiri duniani ni Walter von Saint Paul-Illaire, na linasafiri kwa sababu ya ua dogo la zambarau la misitu hii, Saintpaulia, wala si kwa sababu gazeti lolote lilihifadhi namna alivyotawala.

Kiongozi nalo lilikuwa na wasomaji na waandishi Waswahili, tena wengi wakiwa hodari wa kalamu. Barua zilitoka Pangani, Korogwe, Wilhelmstal na mbali zaidi, zikieleza mvua, safari, harusi, vifo na mabadiliko ya maofisa. Kosa ambalo wachambuzi wengine wamelifanya ni kuliita kasuku wa serikali na kuishia hapo. Inafaa kuuliza waandishi wake walikuwa nani. Walikuwa maakida, makarani na walimu waliotoka katika shule hiyohiyo iliyolichapisha. Ndio waliokusanya kodi, walioandika majina ya watu na waliosimamia kazi. Kumkosoa mkuu wa wilaya kungekuwa ni kujikosoa wenyewe, au kuukosoa mkono unaotia saini barua ya ajira. Gazeti lilizaliwa ndani ya tabaka la watendaji, na msamiati wake wa heshima kwa “serikali yetu” ulitokana na mahali hapo pa kuzaliwa kabla ya kutokana na hofu. Hata vita vya Majimaji vilipozuka kusini mwaka 1905, gazeti lilibaki upande wa serikali.

Hivyo, mnamo 1910 hivi, Usambara ilikuwa na gazeti lililothubutu kumkosoa Gavana lakini halikumjali Mshambaa, na gazeti lililoweza kusomwa na Mshambaa lakini halikumkosoa Gavana. Nafasi iliyobaki katikati, yaani ukosoaji kwa Kiswahili kuhusu jambo linalowaumiza wasemaji wake, haikuwa na mchapaji.

Matuta na mahakama

Waingereza walileta Mambo Leo mwaka 1923, likihaririwa katika Idara ya Elimu. Lilipendwa, na mchango wake katika ushairi na usanifishaji wa lugha hauna ubishi. Katika siasa lilikuwa ni kinywa cha serikali kilichokubali maswali. Magazeti ya wilaya yaliyofuata baada ya Vita vya Pili, kama Habari za Upare kwa majirani wa milimani na Komkya kwa Wachaga, yaliendelea kwa mtindo huo: habari za maendeleo, maelekezo ya kilimo, na safu ya barua ambamo malalamiko yalikubalika maadamu yalimhusu mtu mdogo.

Mpango wa Usambara uliijaribu mipaka hiyo. Ulitokana na kazi ya kuhifadhi udongo iliyoanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946, ukaenezwa wilayani katika miaka ya 1950. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko na kuacha baadhi ya mashamba, na asiyetii alitozwa faini na baraza la mwenyeji. Kimweri Mputa Magogo, aliyekuwa mtawala wa Washambaa tangu 1947, na machifu walio chini yake ndio waliosimamia amri hizo. Mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi wanawake, na wenye mashamba madogo waliona ardhi yao ikigeuzwa ghafla kuwa kosa la jinai. Serikali ilisema inaiokoa ardhi isimomonyoke. Wakulima walisema machifu wanaiharibu nchi. Kwa maneno ya kale, pande zote mbili zilidai zinaiponya nchi. Upinzani ulipita katika mabaraza, katika barua na maombi, katika kukataa tu kushika jembe, na hatimaye katika TANU. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba hoja ya wakulima ilishinda kabla ya kupata gazeti la kwao. Lugha ya kumhukumu mtawala kwa hali ya mashamba ilitosha kuwakusanya watu bila wino. Hii inapunguza kidogo majivuno ya wanahabari wanaodai kwamba bila wao wananchi hawana sauti. Upande mwingine, ushindi usiochapishwa hauachi kumbukumbu inayoweza kutumiwa na wilaya nyingine: mapambano ya namna hiyo juu ya matuta yalitokea pia Uluguru mwaka 1955, na kila mahali watu walianza upya kana kwamba hakuna aliyewatangulia.

Magazeti ya kizalendo yalikuja mwaka 1957, na hapo sheria ikaonyesha meno. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka 1958 Julius Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wawili, wakuu wa wilaya. Alitakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Kesi hiyo hukumbukwa kama hatua katika kuelekea uhuru. Kwa historia ya ukosoaji ina maana nyingine pia: mlengwa hakuwa Gavana Twining. Mlengwa alikuwa mkuu wa wilaya, yaani ngazi ileile ambayo katika Usambara ilikuwa imeanzisha kadi za kazi na kusimamia matuta. Nyerere alijua mahali ambapo dola humgusa mtu. Alitaja ofisa, kitendo na matokeo, na ndipo mahakama ikamgusa yeye.

Uhuru, msitu na saa 48

Machifu waliondolewa katika utawala baada ya uhuru. Cheo cha mkuu wa wilaya kikabaki. Sheria ya magazeti ilirekebishwa mwaka 1968 kumpa Rais uwezo wa kulifungia gazeti kwa manufaa ya umma, na Februari 1970 The Standard likataifishwa. Katika tangazo la siku hiyo Nyerere alieleza kwamba gazeti lingekuwa huru kumkosoa kiongozi yeyote wa TANU au wa Serikali kwa kitendo chake. Ahadi hiyo si ya kubezwa. Barua za wasomaji za miaka iliyofuata zilichapisha malalamiko makali juu ya mashirika ya umma, maduka na watendaji. Hata hivyo Frene Ginwala, mhariri wa kwanza wa gazeti lililotaifishwa, aliondoka mwaka 1971 baada ya tahariri iliyolaani mauaji ya wakomunisti nchini Sudan chini ya Nimeiri. Aliyeangushwa na ukosoaji wa mkubwa aliangushwa na mkubwa wa nchi nyingine. Sheria ya Magazeti ya 1976 na kuundwa kwa Shirika la Habari Tanzania mwaka huohuo vilikamilisha utaratibu ambao habari zote rasmi zilipita katika mlango mmoja.

Gharama ya mlango mmoja inaonekana vizuri katika chanzo cha Sigi. Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara ya Mashariki ilikatwa kwa mashine ili kulisha viwanda vya mbao vya shirika la umma mjini Tanga, kwa msaada wa Finland. Magogo yalitolewa katika vyanzo vya maji yanayonywewa na mji uleule uliokuwa na viwanda hivyo. Waliopaza sauti kwa mafanikio walikuwa wanasayansi, pamoja na wakosoaji wa msaada huo nje ya nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukataji huo ukasimamishwa, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Mjadala ulioamua hatima ya msitu uliendeshwa katika ripoti za kitaalamu za Kiingereza. Mwanakijiji wa Amani, ambaye baadaye angezuiwa kuingia msituni kwa jina la uhifadhi, hakuwa mhusika katika mjadala wa kukata wala katika ule wa kuacha kukata. Hapa gazeti la Kiswahili lingekuwa na kazi halisi, na lingemhoji waziri, shirika na mfadhili kwa pamoja.

Baada ya kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992 ukosoaji ulipanda hadi kileleni, na kwa muda ukafanya kazi. Rai, Majira, na baadaye MwanaHalisi na mengine yaliandika juu ya mawaziri kwa majina. Sakata la Richmond lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008, na ingawa kamati teule ya Bunge ndiyo iliyotoa ripoti, magazeti ndiyo yaliyolifanya suala hilo lisizimike. Gharama ililipwa kwa miili. Mwezi mmoja kabla, Januari 2008, Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage walivamiwa na kujeruhiwa katika ofisi za MwanaHalisi. Septemba 2012 Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, akiwa kazini. Novemba 2017 Azory Gwanda alitoweka Kibiti. MwanaHalisi lilifungiwa 2008, 2012 na 2017. Februari 2022 Serikali ilirudisha leseni za magazeti manne: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Kwa msomaji wa makala hii majina hayo hayahitaji ufafanuzi.

Wawili kati ya wanne hao, Mwangosi na Gwanda, hawakuwa waandishi wa vyumba vya habari vya Dar es Salaam. Walikuwa waandishi wa mikoani. Nchi imezoea kufikiri kwamba hatari iko kwa anayemwandika Rais. Kumbukumbu inaonyesha kwamba anayeandika kinachotendwa na dola barabarani na vijijini yuko karibu zaidi na mkono wake. Huyo pia ndiye mwenye kinga hafifu. Kwa kawaida hana ajira ya kudumu, hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na nauli ya kufika kijijini mara nyingi huwa kiti katika gari la msafara wa kiongozi anayetakiwa kuandikwa. Ndiyo maana habari za wilayani zina sura moja: mkuu amefanya ziara, ameagiza, ametoa siku kadhaa. Kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, kilipofungwa mwaka 2013 kufuatia mgogoro kati ya wakulima wadogo na mwekezaji, majani yalibaki mashambani kwa miaka. Habari ya aina hiyo haina siku moja ya kilele inayouza gazeti. Inahitaji mtu anayerudi kila baada ya miezi mitatu kuuliza agizo la ziara iliyopita liliishia wapi, na kurudi huko ndiko ambako hakuna anayekulipia.

Kwa hiyo, anayesema vyombo vya habari vya Tanzania ni vioga anakosea, na anayesema vinatosha kwa sababu mawaziri hutukanwa mitandaoni anakosea zaidi. Usambara-Post lilikuwa limekwisha kuthibitisha kwamba gazeti linaweza kumrarua Gavana kila juma bila kuugusa uovu ulio mlangoni pake.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilirithi mengi ya ile ya 1976, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya 2023 yaliiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo, miaka 65 baada ya faini ya Nyerere. Mjadala wa wahariri umelipokea hilo kwa shangwe inayostahili. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayompa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa rumande hadi saa 48, ni sheria nyingine, wala haikuwa sehemu ya marekebisho hayo. Mwandishi wa Soni au wa Muheza anayepanga kwenda kuuliza juu ya mpaka wa hifadhi au mizani ya kiwanda cha chai huanza kwa kuihesabu hiyo.